Mahali Imepatikana

Mama Travis anasema alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Anasema ilikuwa Jumamosi asubuhi, naye alikuwa uani anaanika mashuka, wala hakuwa amebandika sikio ukutani kama watu wanavyomsingizia. Anasema jirani yake, Fundi Tajudin, alipiga kelele ndani ya karakana kwa sauti ya mtu aliyefurahi kupita kiasi: "Mahari imepatikana! Mahari imepatikana! Shamsia ataondoka hapa!" Anasema aliposikia hivyo shuka lilimponyoka likaanguka matopeni. Mtoto wa darasa la sita, miaka kumi na mitatu, anaozwa! Ndipo akaenda bombani kuchota maji, na kama huko aliwaambia wanawake watatu au wanne, basi ni kwa sababu moyo wake una huruma.

Hivyo ndivyo anavyosema Mama Travis mpaka leo. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Fundi Tajudin ni seremala, na nyumba yake iko Kisenyi, nyuma ya magereji. Ina vyumba viwili. Cha nyuma ni cha kulala, hakina dirisha. Cha mbele ndiyo karakana, na upana wake ni hatua nne tu. Humo zilijazana meza ya kazi, mbao, misumeno, makopo ya gundi, na klampu kumi na sita. Klampu ni vyuma vya kubania. Fundi akishapaka gundi vipande viwili vya mbao, huvibana kwa klampu na kukaza skrubu mpaka gundi ikauke. Nyingine ni fupi, zimepinda kama herufi G. Nyingine ni ndefu kama bakora ya mzee. Kwa Tajudin zote zililala sakafuni, chini ya meza, nyuma ya mlango, popote.

Sakafuni hapohapo ndipo Shamsia aliposomea, kwa sababu ndipo penye mwanga. Kila alasiri alitandika gunia, akafungua daftari, akaandika mistari miwili. Kisha:

"Shamsia! Klampu!"

"Ipi, Baba?"

"Ndefu! Ile yenye mpini mwekundu. Upesi, gundi inakauka!"

Shamsia aliinuka, akapekua chini ya meza, akaipata iliyo siyo, akarudi kupekua tena. Alipoipata iliyo yenyewe, gundi ilikuwa imeanza kushika na baba amekunja uso. Mama yake, Ruqayya, ambaye huuza samaki sokoni Ggaba, hakuingia nyumbani hata siku mbili bila kujikwaa.

"Wewe Tajudin," alisema siku moja, ameshika kidole cha mguu, "ulioa vyuma hivi. Mimi umeniazima tu."

Tajudin alicheka. "Nipatie mahali ya kuviweka, nami nitaviacha."

"Mimi nikipata je?" Shamsia aliuliza.

"Ukipata wewe, utaondoka hapo sakafuni. Nitakutengenezea meza, niiweke chini ya dirisha. Meza yako mwenyewe."

Kuanzia siku hiyo Shamsia alianza kutazama. Si mtoto wa maneno mengi, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Alitazama wauza mikanda wanavyoitundika, akatazama mafundi wa magereji wanavyopanga spana. Misumari haikufaa, kwa sababu klampu iliyotundikwa kwa ubapa ilikula ukuta mzima. Wiki mbili zilipita.

Jumamosi hiyo alikuwa mlangoni, anaangalia kamba yao ya nguo uani. Nguo za jana zilikuwa zimeanuliwa, lakini vibanio vilibaki palepale juu ya kamba, vimekaa ubavu kwa ubavu, vyembamba, kama ndege. Hakuna aliyevijengea nyumba. Vilijishika vyenyewe.

"Baba," alisema polepole, "klampu si kibanio?"

"Ni kibanio."

"Basi kwa nini isijibanie yenyewe? Tupigilie ubao mmoja mrefu juu ya mlango, pale hapana kitu. Hizi fupi zibane ule ubao, moja baada ya nyingine, zimesimama kiubavu. Kwa hizi ndefu tuukate ubao mwingine meno kama kitana, kila moja iingie kwenye pengo lake."

Tajudin aliweka randa chini. Alitazama juu ya mlango, akachukua klampu moja, akaishika kiubavu, akapima kwa vidole. Upana wake ulikuwa vidole viwili tu. Akapima tena. Kisha alipiga kelele mpaka kuku wakaruka.

"Mahali imepatikana! Ruqayya yuko wapi? Mahali imepatikana! Shamsia ataondoka hapa sakafuni!"

Lile neno la mwisho lilimezwa na honi ya bodaboda iliyokuwa ikipita. Na kuhusu maneno ya mwanzo, babu yake Tajudin, ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani, angesema "mahali pamepatikana." Lakini Tajudin alizaliwa Kisenyi, na Kisenyi nani ana muda wa kuhangaika na "pa"? Kila kitu ni "i". Mahali imepatikana, chakula imeiva, mtu imekuja. Mama Travis naye alilelewa na Kiganda, na kwenye sikio lake L na R ni mapacha. Mahali na mahari, kwake ni neno moja. Lilipofika bombani likadakwa na watu wenye R iliyo wazi, likawa mahari kamili.

Kufikia adhuhuri mbao mbili zilikuwa zimepigiliwa juu ya mlango. Klampu kumi na sita zilikaa huko juu, na sakafu ikaonekana rangi yake. Mama aliporudi kutoka Ggaba alisimama mlangoni akauliza kama amekosea nyumba. Shamsia alilala siku hiyo akiwaza meza.

Lakini wiki hiyo Tajudin alikuwa na kazi kubwa, viti ishirini na vinne vya watoto wadogo, vya shule ya chekechea ya Hajati Safinah. Jumapili, viti kumi na viwili vilivyokuwa tayari vilihitaji pa kukaa. Alivipanga chini ya dirisha, pale pale.

"Baba, na meza?"

"Ngoja viti vya Hajati viishe."

"Vitaisha lini?"

"Vikiisha utaona."

Shamsia alichukua gunia lake akaketi kizingitini, miguu nje, daftari mapajani. Watu walimruka wakiingia na kutoka. Mahali alikuwa amepata yeye, na sasa yeye ndiye hakuwa na mahali. Hakulia. Aliuma tu kalamu mpaka ikapasuka.

Jumatatu, kabla ya kengele, Princesse anayeketi naye dawati moja alimchoma kwa kiwiko.

"Bibi harusi! Hata hina hujapaka?"

"Hina ya nini?"

"Usijifiche. Mama amesikia bombani. Eti baba yako alipiga kelele, mahari imepatikana! Ni ng'ombe au ni pikipiki?"

Shamsia alielewa palepale. Alicheka mpaka akakohoa. Mahari! Mama Travis na sikio lake! Alikuwa anataka kueleza, lakini kengele ililia na Mwalimu Alum akaingia. Siku hiyo Mwalimu Alum alifundisha huku akimtazama yeye, na wakati wa mapumziko alimwita nyuma ya darasa, akamsogezea kiti.

"Shamsia, mwanangu. Usiogope. Nyumbani kuna jambo?"

Sauti yake ilikuwa laini. Miezi mingi Shamsia hakuwa ameulizwa kitu kwa sauti ya namna hiyo.

"Nimesikia baba yako amepokea mahari. Ni kweli?"

Neno moja lingetosha. Mahali, Mwalimu, si mahari. Lilikuwa limeshafika ulimini. Kisha Shamsia alikumbuka viti kumi na viwili chini ya dirisha, na watu wakimruka pale kizingitini kama paka. Acha na yeye asemwe kidogo, aliwaza. Akalimeza neno. Aliinamisha kichwa, akatazama vidole vyake.

"Basi," alisema Mwalimu Alum, akamshika bega. "Hulazimiki kusema. Nimekuelewa."

Alichoelewa kilikuwa uongo, na Shamsia alijua. Lakini mchana huo alihamishiwa mbele, kwenye meza ndogo ya pembeni, karibu na dirisha. Meza ya peke yake. Jumanne Princesse hakumtania tena; alimgawia karanga zake nusu. Msichana mmoja alimbebea mkoba. Zamu yake ya kufagia ilifagiliwa na wengine. Shamsia alijiambia kwamba hajasema uongo hata mmoja. Hakusema lolote. Wao ndio waliosema.

Jumatano alasiri Hajati Safinah alifika karakana. Shamsia alikuwa kizingitini, akasogea kumpisha.

"Karibu, Hajati!" Tajudin alipangusa kiti kwa shati lake. "Kumi na viwili tayari. Hivi vingine wiki ijayo, inshallah."

"Sikuja kwa ajili ya viti, Fundi. Nimekuja kukuambia uache."

"Niache nini?"

"Uache kazi. Mimi nalea watoto wa watu. Siwezi kuwakalisha kwenye viti vya mtu anayeoza mtoto wake akiwa darasa la sita."

Tajudin alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya mbali. "Mtoto yupi, Hajati?"

"Huyu hapa! Kisenyi nzima inajua mahari umepokea."

"Mahari? Mahari ya nani? Mimi?" Aligeuka. "Shamsia, simama. Mwambie Hajati."

Shamsia alisimama. "Si kweli, Hajati. Baba alisema mahali. Mahali pa klampu. Zile kule juu ya mlango."

Hajati alitazama juu ya mlango, akamtazama tena Shamsia.

"Na Jumatatu mwalimu wako alipokuuliza, ulimjibu hivyo?"

Shamsia aliinamisha kichwa.

"Mwalimu Alum mwenyewe ameniambia. Alikuuliza peke yako, kwa upole, ukainamisha kichwa. Leo baba yako amesimama hapa na nyundo mkononi, ndipo unaongea. Nimelea watoto miaka ishirini, Fundi. Mtoto aliyefundishwa la kusema namjua."

"Hajati, wallahi..."

"Usiape." Alikusanya mtandio wake akatoka, na Shamsia akampisha kwa mara ya pili.

Tajudin hakumpiga mtoto wake. Hakumfokea. Alikuwa bado ameshika nyundo. Akaitazama, akaiweka mezani taratibu.

"Mwalimu alikuuliza?"

"Ndiyo, Baba."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Tajudin alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa kipimo akakikariri. Akarudi kwenye kiti alichokuwa akikipiga msasa, kiti ambacho hakikuwa tena na mwenyewe, akaendelea kukipiga msasa.

Alhamisi mama hakwenda Ggaba. Alimshika Shamsia mkono mpaka shuleni, akamsimamisha mbele ya Mwalimu Alum.

"Mwalimu, huyu ana maneno aliyoyaacha hapa Jumatatu. Amekuja kuyachukua."

Shamsia alisema yote: vibanio, ubao, honi, meza. Alipofika kwenye kichwa alichokiinamisha alianza mara mbili, mama akamngoja mpaka akamaliza. Mwalimu Alum alikaa chini.

"Baba yako alisema 'imepatikana' au 'pamepatikana'?"

"Imepatikana, Mwalimu."

"Nilifundisha ngeli ya mahali hapa hapa, mkanicheka kwamba hakuna anayeongea hivyo." Hakutabasamu. Alifungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Unajua hii ni nini? Ni barua ya polisi. Mwalimu mkuu angeipeleka leo baada ya chakula cha mchana. Mzazi anayeoza mtoto hukamatwa, Shamsia. Baba yako angelala ndani usiku wa leo." Aliichana katikati, akachana tena. "Na mimi nina kosa. Ulinipa kimya, nikakifanya jibu. Twende nyumbani kwenu."

Walipofika, Mwalimu Alum alisimama katikati ya karakana, akazitazama klampu zilivyopangwa. Akamwita Mama Travis kutoka uani.

"Mama, Jumamosi ulimsikia Fundi akisema nini?"

"Si nimeshasema? Alisema mahali imepatikana."

"Mahari au mahali?"

"Eeh, mahali!"

"Mahali pa vyuma, au mahari ya kuoa?"

"Sasa nyinyi mnasema mahali, mimi nasema mahali, ugomvi uko wapi?"

Ruqayya alimwonyesha juu ya mlango kwa kidole. Mama Travis alitazama, akahesabu kimoyomoyo, mdomo ukabaki wazi.

"Bambi, maskini," alisema. "Bambi, Fundi, nisamehe. Sikio langu limenidanganya." Kisha akamgeukia Shamsia, na huruma ikamfutika usoni. "Lakini huyu je? Mimi nina sikio bovu, kila mtu anajua. Yeye alikuwa ndani. Alisikia vizuri. Yeye ana nini kibovu?"

Tajudin alikuwa ameinamia meza yake, anatafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

Mwalimu Alum alikwenda kwa Hajati siku hiyo hiyo. Ijumaa, baada ya swala, Hajati alikuja mwenyewe. Aliomba radhi mbele ya majirani, kwa sauti ya kusikika hadi bombani, kwamba Tajudin ni mtu safi na yeye alimdhulumu. Jina la fundi likarudi. Kazi haikurudi. Seremala mmoja wa Bugolobi alikuwa ameshapewa viti vyote ishirini na vinne, na mbao ameshazikata.

"Ningejua Jumatatu," Hajati alisema, akiwa tayari ameshika kitasa. "Hata Jumanne."

Alipoondoka, mama alimwita Shamsia uani. Alikuwa anaparua samaki, na hakuacha kuparua.

"Kaa. Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, Mama."

"Mama Travis alikosea neno. Mwalimu alikosea kimya. Hajati alikosea kwa sababu ya hao wawili. Katika wote, aliyejua ukweli ni wewe peke yako. Unaniambia hukusema uongo. Ni sawa, hukusema. Uliusikia unasemwa, ukaupisha upite, na njiani ukala karanga zake."

Shamsia alishangaa kwamba mama alijua habari za karanga.

"Ulikuwa na haki ya kukasirika. Meza uliahidiwa, na hukupewa. Ungesema hilo. Ungemwambia baba yako usoni, Baba umenivunjia ahadi, angekusikia. Lakini umeishi na gundi tangu uzaliwe, unajua inavyofanya. Ikiwa mbichi, vidole viwili vinatosha kushikanisha ubao na ubao. Ikikauka, leta klampu zote kumi na sita ukaze mpaka mkono uumie, haitashika. Ukweli pia usemwe ukiwa mbichi, mwanangu. Usingoje wakusimamishe mbele ya watu."

"Nimeelewa, Mama."

"Utaelewa polepole," alisema Ruqayya, akachukua samaki mwingine.

Jumamosi asubuhi meza ilikuwa chini ya dirisha. Tajudin aliitengeneza kwa mbao zilizobaki za viti, akaipiga msasa hadi kwenye pembe, akaiacha hapo bila kumwambia mtu. Ilikuwa meza nzuri. Shamsia aliigusa kwa kiganja, lakini hakuketi.

Nje, baba yake alikuwa ameazima mkokoteni. Alikuwa anapanga viti kumi na viwili, virefu hadi gotini tu, viti ambavyo nyumba ya kawaida haina kazi navyo. Angevipitisha kwenye shule za chekechea, moja moja, Katwe na kwingineko, na hakujua huko kote ni habari ipi iliyomtangulia, ile mbaya au ile njema. Alivilaza kwa jozi, kimoja kichwa chini, akavizungushia kamba.

Shamsia alitoka akiwa amevaa viatu.

"Baba, nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Tajudin. Alikuwa ameshasema hivyo jana pia, kwa sauti ileile.

"Basi naomba nije nawe. Wakikuuliza habari ile, usijibu wewe. Niache nijibu mimi. Nitasema yote, hata lile la kwangu."

Tajudin alikaza fundo la mwisho. Alivuta kiti cha juu kuona kama kinacheza, kikawa hakichezi. Akazunguka mbele, akashika mipini miwili ya mkokoteni, akasimama hivyo, mgongo wake kwa mtoto.

"Baba?" alisema Shamsia.

Tajudin alisogea kando, akamwachia mpini mmoja.